Ametajwa Mara Elfu Mbili

Jirani yangu Tereza haogopi nyoka, haogopi fisi, na dume la ng'ombe la mumewe hulizaba kofi lipishe njia. Sisi wenyeji wa Kakese huwatania hawa Wasukuma kwamba walihamia huku na ng'ombe wengi na maneno machache. Kwa Tereza si utani, ni kweli tupu. Ukimuuliza kwa nini familia yao ilihama kutoka kaskazini, atakusifia mboga zako.

Jumapili moja baada ya ibada, mwenyekiti wetu wa kijiji, Method, alishika kipaza sauti, na mtu yule ukimpa kipaza sauti umefungulia mbuzi shamba la mihogo. Habari zilimhusu Suzana, binti wa Tereza, ambaye ni mtafiti wa ubongo chuo kikuu. Anachunguza watoto waliougua degedege, kwa nini wengine hupona na wengine husahau hata kuongea. Alikuwa anakuja likizo.

"Binti yetu anayechunguza bongo za watu ametajwa!" Method akanguruma. "Wataalamu wa dunia nzima wamemtaja zaidi ya mara elfu mbili! Jumamosi nyie wote mje, tunampokea kwa ngoma!"

Tukapiga vigelegele. Niligeuka nimkumbatie Tereza, nikakuta ameshajifunga kitenge chake, anautazama mlango.

"Restituta," aliniuliza kwa sauti ndogo, "waliomtaja ni akina nani?"

Kabla sijajibu alishatoka nje.

Wiki ile hakula wala hakwenda shambani. Alimpigia Suzana simu asije, Suzana akacheka, akasema tiketi imeshakatwa. Jumamosi Tereza akaja kunivuta, tukapanda mishikaki kwenye bodaboda moja, mama wazima na mavitenge yetu, hadi stendi ya Mpanda. Alitaka kumrudisha binti yake kabla hajakanyaga Kakese. Nilidhani jirani yangu amechanganyikiwa, na niliogopa kumwacha peke yake.

Suzana alishuka kwenye basi la Tabora akitabasamu. Mama yake hakumsalimia. Alimshika mkono akamvuta nyuma ya kibanda cha chipsi.

"Panda basi lingine, mwanangu. Rudi ulikotoka."

"Mayu jamani! Kuna nini?"

"Wamekutaja."

Suzana akaangua kicheko. Akaeleza kwamba mtafiti akiandika kazi yake, wenzake wakiitumia huandika jina lake kwenye kazi zao. "Hicho ndicho tunachokitafuta, mayu. Kazi isiyotajwa imekufa. Mimi nimetajwa mara elfu mbili, na wewe unalia?"

"Bibi yako alitajwa mara moja tu."

Suzana aliacha kucheka.

Ndipo Tereza akasema aliyoyaficha miaka yote. Kule kwao mtoto wa jirani alipatwa na degedege, akafa. Wazazi wakaenda kupiga ramli, na mganga akataja jina: mama yake Tereza, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. "Walikuja mchana kweupe na mapanga," alisema. "Walikuwa wanamwita shangazi." Baada ya mazishi wakaswaga ng'ombe kuja huku, ambako hakuna aliyelijua jina lile.

Suzana alikaa juu ya begi lake. Maskini, miaka yote anachunguza degedege bila kujua kwamba ndiyo iliyomuua bibi yake. Kisha akampigia Method. "Mzee wangu, nakuomba, usiseme nimetajwa. Sema kazi yangu imesomwa." Method akaapa. Tereza alikataa bado, lakini binti alisema akikimbia watu watauliza anakimbia nini. Mama akanyanyua begi, tukaondoka.

Kiapo cha mtu mwenye kipaza sauti, nani alikiamini? Turubai lilipojaa na ngoma kupamba moto, Method alijisahau.

"Ametajwa! Mara elfu mbili! Tena kwa mambo ya bongo za watu!"

Watu walishangilia. Nami nilipiga makofi kwa nguvu, maana niliogopa kuonekana sipigi. Tereza hakuwa anamtazama Method. Macho yake yalipita safu kwa safu, akitafuta nani hapigi makofi. Nikamgeukia Suzana, msomi wetu, aliyecheka sana pale stendi. Naye alikuwa anawatazama watu, safu kwa safu.