Namalwa Anayejipima Mara Saba kwa Siku

Ukimtafuta Namalwa mchana utampata kwenye stoo ya viazi kule mtaa wa Rhonda, kando ya mizani. Miaka kumi na moja anapima magunia yanayoshuka kutoka Mau Narok, na hakuna dereva aliyewahi kumwibia hata nusu kilo. Mizani anaijua, huyo mama. Shida ilianza alipoipanda yeye mwenyewe.

Ndugu yake mdogo, Wasike, figo zake zote mbili zimekufa, na mara mbili kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Namalwa akasema atampa figo yake moja. Daktari akampima, akatikisa kichwa. "Mama, una kilo tisini na sita. Kukupasua hivyo ni hatari. Fika tisini kwanza, kisha urudi. Na ujipime mara moja tu kwa wiki, asubuhi, kabla ya chai."

Mara moja kwa wiki! Nani hupima lori mara moja kwa wiki? Namalwa akaacha chapati, akaacha soda, akaanza kutembea kwa miguu mpaka Section 58 anakoishi. Na kila mzigo ukishuka, yeye naye huyo juu ya mizani. Baada ya miezi miwili, asubuhi tisini na mbili. Saa nne, baada ya chai, tisini na mbili na nusu. Akienda choo na kurudi, imeshuka. Jioni imepanda tena, na hajala kitu ila sukuma wiki! Maskini, kichwa kikamzunguka. Sasa amekonda ama amenenepa? Wasike atapona ama hatapona? Usiku halali, anajumlisha na kutoa.

Mwishowe akadhani ameshika mwizi: kikombe cha maji kikiingia tu, namba inapanda. Basi akaacha maji. Siku nne, midomo imekauka, kichwa kinamgonga, lakini mizani ikasoma themanini na tisa nukta nane. Alipiga kigelegele mpaka wabeba mizigo wakatua magunia.

Hospitalini uzito ulipita. Kipimo cha damu ndicho kilichokataa.

"Figo zako zimechoka, mama," daktari alisema. "Labda ni kukosa maji tu, labda ni kitu kingine. Leo siwezi kujua. Turudie baada ya mwezi."

Wasike alikuwa nje kwenye benchi. Namalwa akamweleza yote, mizani na maji aliyoacha. Wasike alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo, bila nguvu.

"Dada, mimi hupimwa uzito kabla ya mashine na baada. Kilo tatu huenda, na si mafuta. Ni maji. Si ungeniuliza?"

"Sikutaka ujue nahangaika."

Wasike, anayeruhusiwa vikombe viwili tu vya maji kwa siku kwa sababu figo zake haziyatoi, akajikokota hadi kwenye kioski, akarudi na chupa ya lita nzima, akamfungulia kifuniko.

"Kunywa."

Namalwa akainywa yote mbele yake, na Wasike hakutoa macho kwenye ile chupa mpaka ikaisha.