Mikono ya Daw Nwe Ni Kyaing

Daw Nwe Ni Kyaing alikuwa binti wa U Tun Hlaing, aliyechimba kisima cha mtaa wetu hapa Sagaing, na mjukuu wa Daw Phwa Mi, aliyewapikia watawa wali miaka arobaini. Ukoo huo hauogopi ovyo. Mimi ni mtoto wa dada yake, najua ninachosema.

Tuliingia pamoja kituo cha kutafakari, siku ishirini bila kuzungumza. Kila linalokujia unalitaja moyoni, unaliacha lipite. Siku ya saba, akiwa ameketi, mikono yake ikapotea. Hakuihisi tena, kisha kifua, kisha pumzi. Akajua anakufa.

Mbele ya mtawa mwalimu tuliruhusiwa kusema, lakini yeye akanyamaza. Kwetu, kusimulia makubwa uliyoyaona katika kutafakari ni kujisifu, tena ni dhambi. Siku nne aliibeba hofu yake peke yake, sahani ya wali akiirudisha imejaa.

Mwishowe mwalimu akamwuliza, "Mama, mbona umekonda?"

"Naogopa, Mwalimu," akasema, akikunja kitambaa chake cha begani. "Nikiketi, mikono haipo."

"Na hiyo inayokunja kitambaa ni ya jirani? Wengi hupita hapo. Hofu yenyewe umeitaja?"

"Nimeikimbia."

"Basi kaitaje."

Akarudi kuketi, akaitaja. Aliogopa vilevile, ila hakuinuka.

Siku ya kutoka Daw Nwe Ni Kyaing aliniambia, "Kyi Kyi, mwanangu, mwalimu amekubali: kuanzia mwakani utawapokea wanawake wapya mlangoni. Kabla hawajafunga midomo, waambie kwamba kumweleza mwalimu hofu yako si kujisifu."