Talaka ya Faksi

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Weka hiyo simu chini! Talaka ya mkeo usiitume mpaka nimalize kusema.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, kule China, nikinunua nguo za kupeleka nyumbani. Mwenzangu aliyetoka Dar akaniambia mke wangu, Mwanaidi, kaenda Tanga bila ruhusa yangu. Sikuuliza kaendea nini. Nikaandika talaka, nikaenda nayo ofisi ya mizigo pale Sanyuanli, wakaituma kwa faksi dukani kwa kaka yake, Kariakoo. Kiburi gani kile, jamani!

Mle ofisini mlikuwa na televisheni, inaonyesha filamu ya zamani, ya enzi za kabla ya sauti. Haikuhitaji mkalimani. Mwanamume anamfukuza mkewe kwa hasira, kisha anakaa mezani peke yake, mabakuli mawili mbele yake, analia. Nami, mpumbavu, nikaropoka, "Mjinga wewe! Si umemfukuza mwenyewe?"

Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa akingoja habari za kontena lake, akaninyang'anya ile karatasi mkononi, akaisoma.

"Unamtukana yule, na wewe je? Huna haya! Mkeo umemuuliza?"

Nikamvamia laoban, bosi wa ofisi: irudishe! Akatikisa kichwa. "Meiyou, meiyou." Hakuna. Ndilo jibu tulilopewa kila siku kule soko la nguo la Zhanqian tukiulizia saizi iliyokwisha.

Nikapiga simu Kariakoo. Shemeji akaniambia faksi imeshasomwa na duka zima, wauzaji na wateja.

"Na Mwanaidi yuko wapi?"

"Yuko Tanga, anamuuguza mama yako."

Nilimrejea kabla eda haijaisha, na tunaishi pamoja mpaka leo. Lakini ile faksi kaiweka kwenye kasha lake. Karatasi za faksi za enzi zile maandishi yake hayakudumu. Yamefifia siku nyingi, imebaki nyeupe tupu. Juzi nikamwomba aitupe. Akanitazama.

"Mimi bado naisoma," akasema.

Basi nisikie vizuri. Ukiwa na hasira, talaka usiitamke wala usiiandike. Muulize mkeo kwanza, yeye mwenyewe, si watu. Mungu akupe subira, mwanangu, akuhifadhie nyumba yako. Haya, chukua simu yako umpigie.