Tisa, Imejaa

Nilipokuwa mtoto, kulikuwa na swali moja ambalo mgeni hakupaswa kuliuliza kijijini kwetu: mko watu wangapi? Mengine yote ruhusa. Ungeuliza kijiji kiko wapi, mtu angetua jembe lake akuelekeze mpaka uchoke wewe. Kiko juu ya mgongo mrefu wa ardhi kati ya Ruiru na Thika, mto Ndarugu uko chini upande huu, upande ule kuna kijito kisicho na jina, huko juu ni kahawa ya mzungu, na ukianza kuona mkonge ujue umepita, rudi. Nyumba zetu zilikuwa zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, maana hatukujenga tulipotaka. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na serikali ilikuwa imetutoa kwenye mashamba yetu ikatukusanya pale. Hayo yote ungeambiwa. Lakini uulize idadi ya watu? Wee! Ungetazamwa kama mtu aliyekuja kuiba kuku.

Sisi Wakikuyu tulilelewa tukijua kwamba watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, mmoja atapungua. Cucu, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, alilishika jambo hilo kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Alipokuwa msichana, kaka yake aliwahesabu mbuzi kwa sauti, na kabla jua halijatua chui alikuwa amechukua mmoja. Na kama hilo halikutosha, hapo kijijini askari walikuwa wakitupanga asubuhi na kutuhesabu kwa ncha ya fimbo, na mara nyingi baada ya kuhesabiwa kulikuwa na mtu wa kupandishwa lori. Baba yangu alikwenda kizuizini hivyo hivyo. Cucu hakulia siku ile. Alisema tu, "Mmeona sasa?"

Basi nyumbani kwetu jioni Cucu hakuhesabu vichwa. Alitazama nyuso zetu moja moja, sisi wajukuu wake wote, akauliza, "Nani hayupo?" Na kama ilikuwa lazima kabisa kutaja idadi, na idadi yenyewe ni kumi, watu wetu walikuwa na njia yao. Walisema tisa, kisha wakaongeza neno moja la kuonyesha kwamba tisa hiyo imejaa. Kila Mkikuyu akisikia "tisa iliyojaa" anajua ni kumi, na hakuna aliyehesabiwa. Ujanja mzuri, mradi mnayezungumza naye ni wa kwenu.

Mwalimu Wekesa hakuwa wa kwetu. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa magharibi, mpole, mwenye viatu vilivyong'arishwa hata kwenye matope yale. Aliletwa kwa sababu tulikuwa tumeruhusiwa kuwa na shule. Shule yetu wenyewe, pale pale kijijini! Kabla ya hapo shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha hakuna kuvuka, na msichana hata kiangazi hakupelekwa. Akina mama walikanyaga udongo, wakakandika kuta, wakaezeka nyasi, huku wakiimba. Mimi nilikuwa nabeba maji ya kuchanganyia udongo na kila mtungi niliomwaga niliona kama najenga darasa langu peke yangu. Nilitaka kusoma jamani. Nilitaka mpaka nikawa nachora alama za uongo kwenye jivu na kumwambia mama anisomee.

Ndipo mwalimu akapita nyumba hadi nyumba kuuliza kuna watoto wangapi wa kuanza shule, ili aletewe sleti za kutosha, vile vibao vyembamba vyeusi vya jiwe tulivyoandikia siku hizo. Mama alikuwa ameenda kuchuma kahawa. Cucu alikuwa mlangoni anachambua maharagwe.

"Mama, hapa watoto ni wangapi?" mwalimu aliuliza.

Cucu alikunja uso. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani. Akafikiri, akajibu kwa heshima zote, "Ni tisa. Imejaa."

Mwalimu alichungulia ndani, akaona watoto wamebanana kama mahindi kwenye gunzi, akacheka. "Kweli, mama, nyumba imejaa." Akaandika tisa, akashukuru, akaenda zake. Cucu naye alifurahi kwamba kijana wa watu ana adabu na ameelewa haraka.

Siku ya kufungua shule tulioshwa mpaka ngozi ikawaka. Mwalimu alisimama mlangoni mwa darasa akiita nyumba moja baada ya nyingine, na kugawa sleti, wakubwa kwanza. Ilipofika zamu yetu, binamu zangu walipokea, kaka zangu wakapokea, kila mmoja akipewa anaingia. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote. Niliponyoosha mikono, hakukuwa na kitu.

"Nyumba hii ni watoto tisa," mwalimu alisema, kwa upole tu. "Wewe ni wa wapi?"

Wa wapi! Niliona wenzangu wameshakaa wanagusagusa sleti zao. Alijaribu kunifariji, akasema sleti zimekwisha na nafasi zimekwisha, labda mwaka ujao. Nilirudi nyumbani nikilia kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Thika.

Cucu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye neno tisa, aliacha kazi aliyokuwa akifanya, mikono ikabaki juu ya ungo.

"Haiya," alisema polepole. "Kwa hiyo tumehesabiwa. Na mmoja amepungua."

Sitasahau jinsi alivyonitazama, kana kwamba nimeanza kutoweka pale pale mbele yake. Niliacha kulia kwa woga. Kisha akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Twende, Wairimu. Alikupunguza yeye, atakurudisha yeye."

Tulipofika, mwalimu alitoka nje. Cucu alimwambia, "Mwalimu, mimi nilikuambia tisa, imejaa."

"Ndiyo, mama. Nakumbuka. Nyumba ilikuwa imejaa."

"Si nyumba!" Cucu akapiga paja lake. "Ai, kijana huyu! Si nyumba iliyojaa. Ni tisa iliyojaa!"

Mwalimu aliwatazama binamu na kaka zangu waliokuja kuchungulia mlangoni, nao wakatazama chini. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumfafanulia, maana kufafanua ni kulitaja neno lenyewe, na kwa wajukuu wa Cucu neno hilo lilikuwa la Cucu kutaja au kuacha. Nilihisi mkono wake umeshika kifundo cha mkono wangu, na ulikuwa unatetemeka.

"Kumi," alisema. "Ni kumi. Wa kumi ni huyu. Andika."

Kisha akajitemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu, akatamka jina langu, ambalo ni jina lake pia, na akanisukuma ndani.

Mwalimu hakuuliza zaidi. Alivunja sleti yake mwenyewe kwenye goti, ikatoka vipande viwili visivyolingana, akanipa kile kikubwa. Nilikaa sakafuni. Nilikikumbatia kwa mikono yote miwili.

Cucu hakurudi nyumbani. Alikaa chini nje, mgongo ukiwa umeegemea mwimo wa mlango, mpaka tulipotoka. Kesho yake akaja tena na kikapu anachosuka. Akaja muhula mzima. Wenzangu walinicheka, eti Wairimu ana askari wake, na mimi nikaona aibu nikatamani akae mbali kidogo.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kufundisha mimi mwenyewe, nilimuuliza kama siku ile aliacha kuamini mambo ya kuhesabu.

"Nani amekudanganya?" alinijibu. "Niliamini, na mpaka leo naamini. Niliogopa hata meno yangu yakauma. Lakini ulikuwa umeshaachwa nje, na ulikuwa unalia. Nikasema, wacha niseme, halafu nikae mlangoni. Kama kuna kitu kinakuja kukuchukua, kitanikuta mimi kwanza."

Siku hizi nawasikia watu wakisema wazee wetu waliishi kwa woga wa mambo ya bure. Nawaacha waseme. Woga wake niliushika kwa mkono wangu mwenyewe, na najua haukuwa wa bure. Na bado alilitamka neno lile, kwa sababu mtoto alitaka kusoma.