Mitalawanda ya Saa Sita

Sogea hapa kivulini, msikilizaji wangu, nikueleze taratibu, maana jambo lenyewe lina pande mbili, na ukishika mmoja tu litakuponyoka.

Kwanza uijue saa. Miaka ile ya hamsini, nilipoletwa Msambweni bibi harusi kutoka Funzi, saa sita ya mchana ilikuwa na miiko kuliko usiku. Jua likisimama utosini na kivuli cha mtu kikajificha chini ya nyayo zake, watu waliingia ndani wakafunga milango. Ukiitwa jina lako kutoka nje, huitikii ila wito wa tatu, kwa kuwa wasio watu, walisema, huita mara mbili tu. Kwetu Funzi saa hiyo tulikuwa tukila. Lakini mgeni hufuata ya wenyeji, basi nilikaa ndani na mama mkwe wangu, yeye akisuka ukili, mimi nikisikiliza kimya.

Siku moja, ndani ya kimya hicho, nikasikia ko, ko, ko. Ilikuwa mitalawanda, vile viatu vya mbao vya kuendea msikitini, ikitembea juu ya baraza ya mawe ya nyumba ya jirani. Sauti ilipotea iliposhuka mchangani, ikarudi upande wa pili, ikasimama penye dirisha. Kikasikika kikohozi kimoja. Kisha ko, ko, ikaendelea kuzunguka.

Jirani yetu alikuwa bibi mkongwe, mjane, asiye na mtoto, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mumewe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Nikauliza ni nani anayetembea pale.

"Mwenye nyumba," mama mkwe akasema, bila kuinua uso. "Nyamaza."

Sasa nikueleze minazi. Nyuma ya nyumba Bibi alikuwa na minazi aliyopewa na mumewe kuwa mahari yake, na hiyo ndiyo iliyomlisha. Mkwezi alipanda, nazi zikaangushwa, nyingine zikakaushwa kuwa mbata na kupelekwa dukani, naye akapata sukari, mafuta ya taa na kanga ya Idi. Kule kwetu mnazi una mwenyewe hata ikiwa ardhi ni ya mtu mwingine, na mwenyewe hujulikana kwa alama iliyochanjwa kwenye shina. Mnazi ukihama mkono, alama mpya huchanjwa juu ya ile ya zamani.

Na alama mpya zilikuwa zikiongezeka. Kila mitalawanda ilipopita adhuhuri, alasiri yake alikuja mpwa wa marehemu, kijana mpole, mkononi ana mkate wa kumimina. Alimwamkia shikamoo mkaza mjomba, akaketi, akaeleza kwa huzuni kwamba mjomba amemtokea tena usingizini. Hapumziki kaburini. Anataka mnazi mwingine urudi kwenye damu yake. Bibi alisikiliza, akasema haya, chukua. Yote haya tuliyajua, kwa kuwa mpwa hakuficha. Hata alitusimulia barazani, nasi tukasema maskini marehemu.

Usidhani kwamba alikuwa zimwi. Kwa mila ya kale ya Wadigo, mali ya mjomba ilikwenda kwa mpwa. Kwa sheria ya dini, mahari ni mali ya mke. Yeye alishika ile iliyompendeza.

Nami kila asubuhi nilimfagilia Bibi ua. Nilifagia nilivyofundishwa kwetu, kutoka ukutani kwenda nje, michirizi ya ufagio ikibaki mchangani kama mawimbi madogo yanayoondoka. Alasiri moja, baada ya mitalawanda kupita, nikampelekea maji. Michirizi ilikuwa imegeuka. Mawimbi yote yalikuwa yakielekea ukutani. Hapakuwa na unyayo hata mmoja, wala wa kuku. Nikaweka ndoo chini. Nilisimama pale mpaka nikaona haya kwa kuogopa mchanga, ndipo nikarudi kumwuliza mama mkwe.

"Mama, wafu hufagia?"

Mikono yake ikatulia juu ya ukili.

"Yule marehemu," akasema, "hakushika ufagio hata alipokuwa hai."

Jioni ile alikwenda kwa mzee wa mtaa, na wazee na kina mama wakakutana nje ya msikiti. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mtaa mzima ulikuwa ukiisikia mitalawanda, na kila nyumba ilinyamaza kwa heshima ya marehemu na kwa hofu ya saa yake. Mtu mmoja alisema twende Kwale, barazani kwa mkuu wa wilaya, tukashtaki. Akaulizwa Bibi atapandaje kilima kile kwa macho yale, na shahidi gani atakula kiapo kwamba alisikia viatu. Wakaafikiana kwamba kila adhuhuri watu wawili wakae na Bibi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu.

Hapa upande wa pili unaingia, nawe uutazame sawasawa, maana wengi husimulia wema wakasahau gharama yake. Mpunga ulikuwa unakomaa bondeni, mbali na mtaa, na msimu huo watu walikaa huko kutwa, saa sita wakijificha vibandani; aliyebaki mtaani kwa zamu alipoteza siku nzima. Siku zile tulikuwa tukiamia ndege, yaani tunakaa shambani kuwafukuza kwa kelele na makombeo, na mkono mmoja ukipungua ndege hawakosi kujua. Kumlinda Bibi kulikuwa kuwapa ndege mpunga. Jirani mmoja, mwenye shamba kubwa kuliko sisi sote, alilisema hilo wazi. Bibi mmoja, akasema, na mtaa mzima unaliwa.

Mama mkwe akamjibu: "Ndege wakila mpunga, tutapanda mwakani. Huyu akishaliwa, mwakani tutampanda wapi?"

Watu wakacheka, yule mwenye shamba pia, lakini yeye naye hakuwa amekosea. Nataka ulikumbuke hilo.

Zamu ya kwanza ilikuwa yetu. Tuliketi chumbani kwa Bibi, mlango umefungwa, mwanga ukipenya kwenye nyufa kama nyuzi. Ikaja. Ko, ko, ko, karibu sana, ukutani kabisa. Ikasimama. Kikohozi. Nilijua ni mtu, na mimi ndiye niliyeuliza kama wafu hufagia, lakini sikuinuka. Mama mkwe akainuka huku akisema bismillahi, akafungua mlango, akatoka kwenye jua lile la saa sita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni.

"Karibu," akasema.

Mpwa alikuwa amesimama, amevaa mitalawanda ya mjomba wake, ufagio wa chelewa umeshikwa nyuma ya mgongo. Hakukimbia. Akasema shikamoo, kama kawaida yake.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kwa miguu ya nani?"

Akaivua mitalawanda. Wazee walimwita, naye akarudisha minazi mbele ya mashahidi, alama ya Bibi ikachanjwa upya kwenye kila shina. Mitalawanda ikawekwa juu ya boriti chumbani mwa Bibi, ambako asingeweza kuifikia mtu bila ngazi.

Mavuno yalikuwa haba. Tulikula muhogo mpaka tukachoka nao, na yule mwenye shamba kubwa hakuacha kutukumbusha. Sasa mwizi amejulikana, akasema, zamu ya nini tena? Wengi walianza kumwunga mkono, nami nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu ya njaa.

Katika siku hizo nilikuwa peke yangu na Bibi adhuhuri, mwenzangu amechelewa. Nikasikia ko, ko, ko.

Nikatazama juu. Mitalawanda ilikuwa pale pale kwenye boriti, imejaa vumbi. Nyayo zikapita nje polepole, zikapotea mchangani, zikarudi. Hazikusimama dirishani. Hapakuwa na kikohozi.

Bibi alikuwa amegeuza sikio, uso umetulia.

"Huyu sasa ndiye," akasema. "Yule mwingine alikuwa akikanyaga kwa kisigino."

Nikamwuliza kama alijua tangu mwanzo kwamba si mumewe.

"Nililala naye nyumba moja ujana wangu wote, nisijue mwendo wake? Nilijua. Lakini mlikuwa mmefunga milango, mwanangu. Ningemwambia nani?"

Nyayo zilipokwisha nilitoka. Michirizi ya ufagio wangu wa asubuhi ilikuwa kama nilivyoiacha, ikielekea nje, mchanga haujakanyagwa. Sikufagia tena siku ile.

Niliyasema maneno ya Bibi mbele ya mtaa, na zamu ikabaki mpaka alipofariki, minazi yake ikiwa kamili. Mpunga tuliupanda tena. Yaliyobaki siyaelewi, wala sikudai uyaelewe.

Lakini kuna mzee karibu na kwako. Kesho jua likisimama utosini, nenda ukapige hodi, taja jina lako, ukae naye mpaka alasiri. Ukisikia nyayo nje, fungua mlango, sema karibu, kisha utazame mchanga.