Charline Amshusha Bibi Harusi kutoka Kibati

Asubuhi ya harusi, Charline alikuwa nyumbani kwake mtaani Murara akikaza kifungo cha mwisho cha gauni la bibi harusi, Mahoro, simu ikalia. Alikuwa kaka yake, Kasereka, aliyeahidi kumleta bibi harusi kutoka Kibati kwa jipu lake. Ameteleza mlangoni, mguu umevimba, hauwezi kukanyaga.

"Charline, utaenda weye."

"Mimi? Yaya, niko fundi wa nguo!" akamlalamikia kaka yake mkubwa.

"Na permi ya kuendesha gari uko nayo. Kuja uchukue ufunguo."

Moyo ukamruka. Kwa miezi Kasereka alikuwa amemfundisha kuendesha juu ya mawe meusi ya volkano, akimfokea na kumsifu kwa pumzi moja. Lakini peke yake alikuwa hajawahi kuliendesha jipu popote. Akachukua ufunguo kwa Kasereka, akalitundika gauni nyuma ya jipu, akasogeza kiti mpaka mguu ukaifikia klachi vizuri, akageuza vioo, akafunga mkanda. Alipoachia breki ya mkono na jipu likaondoka, alicheka kwa sauti, hana wa kucheka naye. Alipopita Kanyaruchinya, wanawake wa sokoni walimpungia mikono, naye akawapigia honi.

Kule Kibati, gauni lilimkaa Mahoro kana kwamba amezaliwa nalo. Hapo hapo mvua ikamwagika. Shangazi wa bibi harusi, Mama Mukamazimpaka, akafungua milango ya jipu, na ukoo ukaanza kujisukuma ndani.

"Tubanane tu! Siku ya harusi gari haijai!"

Charline akasimama mvuani. Mama yule alimzidi umri, alimzidi na sauti.

"Mama, unisamehe. Mikanda iko tano. Mwenye hana mukanda, hapandi."

"Mutoto huyu anatufukuza kwenye harusi yetu?"

"Hapana, mama. Nataka mufike."

Wengine wakakimbilia teksi kwenye barabara kuu. Mama Mukamazimpaka akakalia kiti cha mbele, amenuna, akajifunga.

Njia ya kutoka nyumbani pale ilikuwa mteremko mkali, na sasa ilikuwa mto wa tope. Kioo kikajaa ukungu; Charline akaelekeza hewa ya moto kiooni, nje ikaonekana tena. Akasimama kabisa kabla ya mteremko, akaweka gia huru, akavuta kile kijiti kidogo cha kuyatia nguvu magurudumu yote manne, akachagua gia nzito ya mwendo wa polepole. Kisha akaingiza ya kwanza na kuondoa mguu kwenye klachi.

Jipu likashuka taratibu, injini ikilishikilia. Katikati, nyuma ikateleza kuelekea mfereji. Mahoro akapiga yowe.

"Kanyaga breki!" shangazi akalia.

Mguu wa Charline ulitamani. Akauzuia; breki ingeyafunga magurudumu na jipu lingeteleza zaidi. Akageuza usukani kidogo upande ule ule nyuma ilikokimbilia, hakuung'ang'ania, na magurudumu yakauma jiwe. Jipu likanyooka. Halafu lami.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kiti cha mbele. Mama Mukamazimpaka alikipiga mpaka Charline akaziba sikio moja, na wote wakaangua kicheko, Mahoro akifuta machozi asiharibu poda.

Kanisani walikuta kwaya bado inaimba nyimbo za kungojea. Charline aliegesha, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Akashuka. Bwana harusi alimshika mkono kumshukuru, akatazama tope lililoruka hadi madirishani mwa jipu.

"Uliogopa?"

"Sana!" akasema, uso wote ukimeremeta. "Na ningeweza kurudi kule sasa hivi!"

Baada ya misa magari mazuri yalijipanga kuwapeleka ukumbini. Mama Mukamazimpaka aliyapita yote, akafungua mlango wa jipu lenye tope na kujifunga mkanda mwenyewe.

"Twende, binti yangu," alisema. "Na honi upige."