Fundi wa Nukta Nyekundu

Fundi huyu ana maringo, na tuseme tangu mwanzo kwamba maringo yake ni ya haki. Kwa miaka ishirini na sita ametengeneza amplifaya na spika katika chumba kimoja chenye meza ndefu, rafu tatu na feni isiyozunguka. Kila kazi anayoimaliza huiwekea nukta ya rangi nyekundu juu ya skrubu ya mwisho. Maana ya nukta ile ni moja: nimeisikiliza mwenyewe, ni safi. Mafundi wenzake hutoa kadi ya garantii, yeye hutoa nukta, na hakuna hata moja iliyowahi kurudi.

Kazi yake yote iko masikioni. Huingiza kwenye amplifaya mlio mmoja tu, ulionyooka, kisha husikiliza kinachotoka. Amplifaya nzima hurudisha mlio uleule, ila mkubwa zaidi. Mbovu huongeza milio mingine juu yake, mmoja wa kasi mara mbili, mwingine mara tatu, na hiyo ndiyo inayoifanya sauti ya mwimbaji ikwaruze. Fundi huiita wapambe. "Nimemwalika mtu mmoja," husema, "hawa wengine wametoka wapi?"

Ana tabia nyingine iliyomfanya achekwe. Mwanzoni kabisa mteja mmoja alimsingizia kwamba amemrudishia redio bila hata kuigusa. Maneno yale yalimkaa rohoni. Tangu siku hiyo hurekodi kila kifaa kabla ya kukitengeneza na baada ya kukitengeneza, na pembeni huandika kwa mkono wake: "wapambe wengi", "wapambe wawili", "safi". Sidii zikajaa rafu, zikafuata flashi. Mumewe alikuwa akimwuliza kama anafungua maktaba.

Aliyekuja kuzithamini ni mkwewe, mke wa mwanawe, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. "Mama," alisema siku alipoziona, "watu wanatafuta kitu kama hiki kwa tochi." Akazihamishia zote kwenye kompyuta pamoja na yale maandishi, akaanza kuifundisha programu yake: hii safi, hii ina wapambe, maelfu kwa maelfu, hadi ikaweza kutambua yenyewe hata kifaa ambacho haijawahi kukisikia. Fundi alifurahi, ingawa alijifanya hajali. "Kuna kompyuta hapo inasoma kwangu," aliwaambia wateja, "lakini bado iko darasa la kwanza."

Basi asubuhi moja mwalimu wa muziki alikuwa aje saa nne kuchukua amplifaya ya tamasha la wanafunzi wake. Fundi alikuwa ameimaliza jana yake, na nukta ilishakauka. Mkwe akaomba aipime kwa programu yake, iwe mara ya kwanza ya programu hiyo kusikiliza kazi mpya. Kioo cha kompyuta kikaandika: si safi, wapambe wawili, milio ya juu.

"Mwanafunzi wako kasinzia," fundi akasema.

Mkwe akarudia. Jibu likawa lilelile, na mara ya tatu vilevile. Akaanza kuona haya, maana kumwambia mama mkwe amekosea ni kazi, na kumwambia huku nukta yake inakutazama ni kazi zaidi. "Labda programu ndiyo imekosea, Mama. Niizime?"

"Usizime."

Fundi akavaa hedifoni, akafumba macho. Mlio ulikuwa umenyooka kama uzi. Akazivua, akampa mkwe. "Sikiliza wewe. Na usinionee haya."

Mkwe akasikiliza kwa muda. "Kuna kitu kama mchanga, Mama. Juu kabisa."

Fundi akakaa kwenye stuli. Miezi kadhaa alikuwa akishuku kwamba sauti nyembamba zinampita, simu ya jirani, ndege wa alfajiri, na kila mara alijiambia kwamba mtaa umetulia siku hizi. Aliogopa, tusimfichie. Sikio ndilo lililomlisha na kumsomeshea mtoto. Saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika ishirini. Angeweza kuitoa amplifaya ile vilevile na mwalimu asingejua.

Akachovya kitambaa kwenye thina ya kuondolea rangi, akaifuta nukta. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake.

Kisha akafungua kifuniko. Akagusa sehemu moja moja kwa kijiti cha plastiki, mkwe akitazama kioo na kusema, "Bado. Bado." Kijiti kilipofika kwenye mguu wa kapasita moja ndogo, mkwe akasema, "Hapo. Wameondoka." Lehemu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Fundi akaichomea upya, na kioo kikaandika: safi.

"Pole, Mama," mkwe akasema.

"Pole ya nini? Hii uliifundisha kwa rekodi zangu zipi?"

"Nyingi ni za miaka ile ya mwanzo."

"Za wakati nasikia mpaka mbu wa chumba cha pili." Fundi akainamisha kichwa, na alipokiinua alikuwa anacheka. "Basi hakuna mtu baki aliyenisahihisha hapa. Ni mimi mwenyewe, nilipokuwa na masikio yangu. Nilijua nilikuwa hodari, lakini sikujua ni kiasi hiki."

Mwalimu alifika saa nne kamili. Akaona nukta inang'aa, mbichi. Akauliza kama kawaida yake, "Umeisikiliza mwenyewe, fundi?"

"Nimeisikiliza mwenyewe," fundi akajibu, bila kupepesa. "Angalia usiiguse, rangi haijakauka."

Mwalimu alipoondoka, fundi hakufunika kopo la rangi. Alichovya tena brashi, akaivuta kompyuta karibu, akaweka nukta moja nyekundu kwenye kona ya mfuniko wake. Kompyuta ile mkwe alikuwa ameinunua mwezi mmoja tu kabla ya hapo, na huifuta vumbi kila siku. Nukta ile haijaguswa mpaka leo.